Isis wa Machi Ishirini na Tisa

Dada yangu alimkataa mwanaume mzuri kwa sababu ya sentensi niliyoiandika mimi, na niliiandika huku natafuna karanga. Naanzia hapo kwa sababu watu wakisikia habari hii wanataka kwanza kujua kama nyota ni kweli au ni uongo. Sijui. Mimi najua nilikuwa natafuna karanga.

Kazi yangu ilikuwa kuandika bahati za watu. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilikuwa inapanda ngazi pamoja na sisi. Ikifika saa nane mchana kichwa kinagonga. Meza mbili, kompyuta mbili, feni moja iliyokataa kugeuka upande wangu. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya miungu ya Misri ya kale, mmoja kichwa cha mbweha, mwingine cha ndege, mwingine paka kabisa. Mteja anajiunga kwa simu, anaandika tarehe aliyozaliwa, mashine inamtafutia mungu wake, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anapata ujumbe. Anubis, leo fanya hivi. Bastet, leo usithubutu vile.

Bosi tulimwita Farao, si kwa heshima, ni kwa ule mwendo. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebebwa. Zamani alikuwa anachapisha kadi za harusi. Mimi nilipanda pale mara ya kwanza kuleta makopo ya rangi kutoka chini, nikabishana naye dakika ishirini nzima juu ya kitu ambacho hata sikikumbuki, mwisho akasema kijana mwenye mdomo huu atakosaje kazi. Mtaani nilishaitwa Mdomo tangu utotoni, kwa hiyo hakugundua kitu kipya. Shule niliikimbia mapema. Maneno hayakunikimbia.

Farao alikuwa na sheria moja kubwa: anayesubiri hajitoi. Mtu ukimwambia atapata leo, akikosa kesho anajitoa. Ukimwambia hatapata, anajitoa leo leo. Lakini mwambie kinakuja, kiko njiani, kimebakiza kona moja. Huyo utazeeka naye. Na kulikuwa na sheria ndogo: mtu yeyote akikuuliza, hata kama ni mama aliyekuzaa, sema ujumbe unatoka kwa makuhani huko huko Misri, sisi tunatafsiri tu.

Dada nilimwambia hivyo hivyo.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi saba, na kilichobaki nyumbani ni cherehani na kelele zangu. Tulikaa vyumba viwili, cha mbele ni cha kushonea, cha nyuma tumekigawa kwa pazia. Alipoolewa alinibeba kama mzigo wa pili wa harusi, na shemeji hakulalamika, hilo nampa. Miaka mitatu iliyopita huyo shemeji aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Miezi miwili alipiga simu. Mwezi wa tatu simu ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka ninavyosema hivi. Watu walimwona, si kwamba amekufa. Alionekana sokoni kwenye mji mwingine, amenenepa. Mama yake mzazi alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja akamwambia dada, "Mwanangu, huyo nimemzaa mimi, namjua. Olewa." Wazee wa pande zote wakakaa, wakamaliza mambo yao, dada akawa huru. Huru midomoni mwa watu. Kabatini mashati saba ya yule bwana yalikuwa yananing'inia, na kila mwisho wa mwezi anayatoa, anayapiga pasi, anayarudisha.

Wiki niliyoanza kazi nikamuunga dada, kwa mzaha tu. Machi ishirini na tisa. Mashine ikasema Isis.

"Huyo ndiye nani?" akaniuliza, pini mdomoni.

Nikamsimulia nilivyosoma ofisini. Kwamba Isis alikuwa na mume, Osiris, na huyo Osiris aliuawa na mdogo wake mwenyewe kwa wivu, akakatwa vipande, vipande vikatupwa kila pembe ya nchi. Isis hakukaa kulia. Akazunguka akiokota, kipande kimoja, kingine, mpaka akamuunga mume wake upya.

Dada akatoa pini mdomoni. "Vyote alivipata?"

"Karibu vyote."

"Basi huyo ndiye mimi," akasema. Nilidhani anacheka, nikacheka. Hakuwa anacheka.

Kuanzia siku hiyo kila asubuhi anakaa mezani, simu mbele yake, chai inapoa, anasoma mara mbili. Nyingine anazinakili kwenye daftari la vipimo, kule nyuma, baada ya viuno na mabega ya wateja. Na mimi miaka miwili nimeandika Isis kila siku nikijua kuna mtu mmoja anayesoma mbele ya macho yangu. Nilikuwa nampa maneno matamu. Vumilia, kilichotawanyika kinakusanyika. Upepo umegeuka, sikiliza mlango. Nilijiona namsaidia. Akisoma uso unamng'aa, anaimba, anashona gauni mbili kwa siku. Nani angemnyima?

Halafu akaja Fundi.

Fundi seremala, mgane, mikono kama mbao zenyewe. Alileta suruali ipunguzwe. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Ya tatu nikamwambia, "Fundi, una suruali ngapi, au unanunua ili zipunguzwe?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Shemeji, nguo zikiniishia nitaleta pazia."

Aliniita shemeji kabla hata dada hajamkaribisha chai. Ndivyo alivyokuwa, hana kona. Alitengeneza meza ya kukatia, akarekebisha mlango uliokuwa unasugua sakafu tangu enzi za yule bwana, na hakutaka chochote, anakaa nusu saa, anaongea habari za mbao na za marehemu mke wake, anaondoka. Nilimsikia dada akicheka nyuma ya pazia kicheko ambacho sikukijua. Nilidhani kuna mgeni.

Jumatatu moja Fundi akaja amevaa shati la kola. Akasema amepata kazi ya kuezeka majengo ya shule, mbali, mwaka mzima na zaidi. Anaondoka Jumamosi asubuhi. Akamwambia dada mbele yangu, maana mimi ndiye ndugu mwanaume aliyepo, "Nimekuuliza mara mbili ukacheka. Hii ya tatu nauliza sichekeshi. Ukisema ndiyo, naenda kutengeneza nyumba huko, mwezi ujao nakuja na wazee wangu. Ukisema hapana, nitashukuru kwa chai. Ila nisiondoke bila neno."

Dada akaangalia mikono yake. "Nipe mpaka Ijumaa."

Alipoondoka nikamshambulia. "Ijumaa ya nini? Unasubiri nini?"

"Nataka nisikie."

"Usikie kutoka wapi?"

Akaigusa simu kwa kidole, basi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka, halafu ukapanda kwa furaha. Nikajiambia, Mdomo, hii iko mkononi mwako. Huna haja ya kubishana na mwanamke. Utaandika.

Jumatano hiyo tulikuwa tunapakia za mpaka Ijumaa. Nilianza na Isis ya Ijumaa na nilikaa nayo saa mbili, mimi ambaye huwa namaliza miungu yote kabla chai haijapoa. Nikaandika: "Isis, umeokota vya kutosha. Aliyeondoka kwa miguu yake si wa kuokotwa. Leo mtu mwenye mikono ya kazi anangoja neno lako. Sema ndiyo." Nikaisoma tena. Ilikuwa ndiyo ya kweli ya kwanza niliyowahi kuandika kwenye ofisi ile.

Miwani, msichana wa ofisini anayeshughulikia mitambo, akaisoma kwenye kompyuta yake. "We, hii imemlenga mtu."

"Imewalenga Isis wote."

"Isis ni watu elfu mbili. Ijumaa wanawake elfu mbili wataolewa, na wanaume wakiwemo."

"Wape raha."

"Farao akiona hakuna subira humo atakutoa roho."

"Farao hajui kusoma kinachozidi mstari mmoja."

Akacheka, akaipakia. Waliobaki niliwamaliza kwa dakika ishirini. Karanga mkono mmoja, mkono mwingine nachukua za mwaka jana nabadilisha neno moja moja. Ya Thoth, yule mwenye kichwa cha ndege, ilikuwa hivi: "Thoth, leo funga ulimi. Usikubali, usiweke sahihi. Kilichokuwa chako kiko njiani kurudi." Hata sikuisoma tena. Upande wa Thoth sikuwa namjua mtu.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na sikuuliza, ni kwamba Alhamisi Farao alirudi na jedwali jipya la tarehe, lile linaloiambia mashine tarehe ipi ni ya mungu yupi. Kumbe haya majedwali yako mengi, kila mtu na lake, na yeye alisikia washindani wanatumia lingine akaona letu limepitwa. Akampa Miwani, Miwani akaliingiza. Tarehe za mipakani zikasogea siku nne. Machi ishirini na tisa ikatoka kwa Isis ikaingia kwa Thoth.

Ijumaa niliamka mapema kuliko cherehani. Nikaoga, nikakaa mezani kama bwana harusi. Dada akaniangalia. "Leo kuna nini, umeoga hata shingo?"

"Hakuna."

Simu ikalia. Akasoma. Nilikuwa nangoja uso ung'ae, nimeshaandaa na maneno ya kumpongeza. Uso haukung'aa. Ulitulia, kama maji ukitoa mkono. Akasoma tena, midomo ikitembea.

"Wamenibadilisha," akasema.

"Wamekubadilisha nini?"

"Mungu. Wanasema kuanzia leo mimi si Isis, ni Thoth." Akanisogezea simu. "Siku hii hii. Siku ninayotakiwa kujibu. Hii si bure, mdogo wangu. Isis alikuwa ananiambia niokote. Huyu ananiambia nyamaza, kiko njiani. Maana yake kuokota kumekwisha. Anakuja."

Nikaisoma. Sentensi yangu. Nilikuwa nauona mpaka ule mkono wangu ukibofya.

Sasa nataka hapa nisijipendelee. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Meza ile ndogo, magoti yetu yalikuwa yanagusana. Nilihitaji kusema maneno matatu: hiyo nimeiandika mimi. Mimi Mdomo, ambaye nimembishia kila mtu tangu nimeota meno. Na sikuweza. Niliona miaka miwili ya asubuhi zake ikipita mbele yangu, daftari, kuimba kwake, nikaona aibu itakayokuja usoni mwake, nikasema, "Labda wamekosea mitambo. Ngoja niende ofisini nikaulize. Usiende kokote mpaka nirudi."

"Kuwauliza makuhani kunachukua muda gani?"

"Saa moja."

Nikakimbia. Nilimkuta Miwani ndiyo kwanza anafungua mlango. Nilimwambia yote, nikamwambia amrudishe dada yangu kwenye Isis, amtumie ile ya kwangu sasa hivi. Akaniangalia kwa juu ya miwani yake.

"Kwa nini usimwambie tu?"

"Wewe tuma."

"Mdomo, huyo ni dada yako, si mteja."

"Nimesema tuma."

Mashine ilikuwa polepole, feni inageuka, ngazi zinanuka rangi. Akatuma saa mbili na dakika kumi. Nilishusha pumzi, nikanywa maji, nikarudi nyumbani natembea kama Farao.

Dada alikuwa ameketi kwenye cherehani, viatu vya kutokea bado miguuni. Alikwenda kwa Fundi saa moja na nusu. Hakunisubiri. Aliona Fundi ni mtu wa heshima, haifai kuwekwa akisubiri, na neno alikuwa nalo tayari.

"Nimemwambia nasubiri mume wangu," akasema. "Halafu narudi njiani, inaingia hii." Akanionyesha simu. Isis, umeokota vya kutosha. "Huyu anasema funga ulimi, huyu anasema sema ndiyo. Asubuhi moja. Mdogo wangu, wewe uko pale. Niambie nani ananitumia hizi."

 Niligeuka nikaenda kwa Fundi.

Alikuwa anafunga randa na misumeno kwenye gunia, karakana imefagiliwa mpaka pembeni, kama nyumba inayohamwa. Nikaanza kumweleza mbio mbio, mitambo, jedwali, Thoth, siku nne. Aliniacha nimalize. Ana subira huyo mtu, na si subira ya kuuziwa.

"Kijana," akasema. Hakuniita shemeji. Nilisikia kama mlango unafungwa. "Dada yako alikuja kwa miguu yake. Nilikuwa juu ya ngazi, akaningoja nishuke. Akaniangalia usoni akasema anamsubiri mume wake. Sasa wewe unaniambia simu ilikosea."

"Ilikosea, Fundi. Nilikosea mimi. Ile ya kweli ilikuwa ndiyo."

"Ya kweli ya nani?"

Nikaangalia lile gunia.

"Ungeandika ndiyo, angekuja kuniambia ndiyo. Umeandika hapana, kaja kuniambia hapana. Mimi nilimuuliza yeye." Akafunga gunia kwa kamba, fundo moja, la pili. "Marehemu mke wangu alinikubali akiwa amekasirika, mvua inanyesha, hata hakuulizwa vizuri. Lakini alikuwa yeye. Mwambie namshukuru kwa chai."

"Mngoje mpaka kesho tu. Nitamleta."

"Umlete nani?" akasema, na hakuwa na ukali wowote, ndicho kilichoniuma. "Usimlete mtu. Mwache atembee."

Nilirudi mchana, jua la utosi. Dada alikuwa hajatoka pale. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikamwambia. Kwamba hakuna makuhani. Kwamba kuna ghorofa juu ya duka la rangi, mimi na karanga. Kwamba Isis ni mimi, Thoth ni mimi, hata yule wa paka ni mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga na mkasi. Alivuta daftari la vipimo, akaligeuza upande wa nyuma, akaweka kidole.

"'Usiku mrefu ni daraja.' Hii?"

"Mimi."

"'Usitupe kilichovaliwa na anayerudi.' Hii ilikuja nimeshayafunga yale mashati nikayagawe. Nilikuwa nimefika mlangoni."

"Mimi, dada."

"Ulijua?"

"Nilikuona umeyafunga jana yake. Nikaona unalia. Nikataka ufurahi."

Akafungua ukurasa mwingine. "'Leo anakukumbuka, ndiyo maana kikombe kimekuponyoka.' Kikombe nilikivunja kweli siku ile. Nikasema hawa watu wananiona."

"Kikombe ulikivunja asubuhi ya jana yake. Nikaandika. Ujumbe ukaja asubuhi. Uliunganisha mwenyewe."

"Kumbe hakuna aliyekuwa ananiona."

"Nilikuwa nakuona mimi."

"Wewe," akasema, taratibu, kama anapima kitambaa. "Wewe ulikuwa unaniona. Kila asubuhi umekaa hapo na mkate wako, unaniona nasoma. Miaka miwili. Na ukaniacha."

Nilianza kueleza sheria ya Farao, anayesubiri hajitoi, nikasikia inavyotoka mdomoni mwangu nikaikatisha katikati. Nikamwambia twende kwa Fundi, hajaondoka, mpaka kesho asubuhi yupo, tunaweza kumkuta.

"Niende nikamwambie nini? Kwamba asubuhi niliongozwa na mdogo wangu, na sasa hivi pia naongozwa na mdogo wangu?" Akatikisa kichwa. "Nilimwona uso wake aliposhuka kwenye ngazi. Alishuka anatabasamu, Mdomo. Alidhani nimekuja na ndiyo. Uso ule siwezi kuurudia."

 Nje mtu alikuwa anaita mtoto wake akaoge.

"Nikuulize kitu," akasema. "Mume wangu atarudi?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo zaidi ya mara mia sita, kwa upepo, kwa mlango, kwa mto na mwezi.

"Sijui, dada."

"Sijui," akarudia. "Neno dogo hivyo. Lilikushinda nini?"

Kisha akavuta kitambaa cha mteja, akainama, akaanza kushona. Sindano ilikuwa haina uzi. Ulikuwa umekatika huko juu na hakuona. Akashona mpaka mwisho wa mshono, akageuza kitambaa, akaanza upande wa pili, mguu unakanyaga vizuri tu, kichwa kimeinama, na mimi nimekaa pale pale kwenye kiti cha wateja namwangalia, na sikumwambia.